Kiti cha Guka Chini ya Gramafoni

Enzi zetu hoteli ilikuwa mahali pa wasafiri na wanaume waliokosana na wake zao. Mtu mwenye mke, moto na sufuria, alikwenda hotelini kutafuta nini? Ndiyo maana jioni moja Baba aliposema kwamba Jumapili baada ya kanisa sisi sote tungekwenda kula hotelini, Mama aliweka mwiko chini akamuuliza kama kuna kitu kibaya amefanya.

Hakuna alichokuwa amefanya, au ndivyo tulivyodhani. Baba alikuwa amepandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu. Ilikuwa miaka kumi hivi baada ya Uhuru, sisi tukikaa vilimani upande wa Nyeri, mimi nikiwa darasa la nne na ndugu yangu Kariuki darasa la pili. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa mtu. Wajukuu zangu leo humpigia mwalimu wao simu kumwambia wamechelewa kuamka. Sisi tukimwona mwalimu barabarani tuliingia kichakani, na mimi niliingia hata kama mwalimu mwenyewe alikuwa baba yangu anayerudi nyumbani kula. Baba alikuwa na miwani, alikuwa na Volkswagen kuukuu, alikuwa mzee wa kanisa, na sasa alitaka familia yake ionekane imeketi mezani kwenye kitambaa cheupe, uma kushoto, kisu kulia.

Wiki nzima tulifanya mazoezi. Mama aliazima uma nne kwa mke wa mchungaji, na kwa kuwa nyumbani tulikuwa na githeri tu, tulijifunzia kwa githeri. Jaribu wewe kuchoma punje ya mahindi kwa uma uone. Mahindi yalikimbia kila upande, maharagwe yakapondeka, na siku ya tatu punje ya Kariuki iliruka ikagonga picha ya harusi ya Baba na Mama ukutani. Mama alisema, "Polepole. Hayo mahindi hayajakukosea." Tulilala na njaa siku hizo, lakini tulilala tukiwa wastaarabu.

Cucu, yaani bibi yetu, mama yake Baba, alitutazama kutoka kwenye kigoda chake karibu na moto, akala githeri yake kwa mkono na kushiba. Alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua, lakini jioni alikula kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo, na nguvu zake zote zilikuwa shambani. Alilima peke yake.

Kwa msomaji wa leo hilo si kitu. Kwetu lilikuwa jambo la kutisha. Wanawake wa kilima chetu walilima kwa ngwatio: leo wote wako kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule, wamejipanga mstari mmoja na majembe yanapanda na kushuka pamoja, huku utani na nyimbo zikisikika mpaka mtoni. Ekari iliyomshinda mtu mmoja mwezi mzima waliimaliza kabla ya jua kuwa kali. Hawakuja kwa Cucu, wala hawakumwita. Alianza kwenye kona ya shamba lake mvua ilipokaribia, akamaliza wenzake wakiwa wameshapalilia.

Sababu niliipata mtoni kutoka kwa msichana wa darasa letu. Aliniambia, "Cucu yako alitapika kiapo." Maana yake, wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, wanawake wengi wa kwetu walipofungiwa kambini, Cucu aliwataja kwa serikali wenzake waliokula kiapo cha kupigania ardhi, ndipo akafunguliwa mapema. Yeye alitoka, na wale wengine walikaa miaka miwili zaidi wakivunja mawe. Na wiki mbili baada ya yeye kutoka, mume wa rafiki yake Wangari alichukuliwa nyumbani kwake akaenda moja kwa moja, hakurudi. Hesabu ya watu ilikuwa rahisi.

Mimi na mdomo wangu, nilikwenda nikamuuliza Cucu mwenyewe. Nilitegemea kofi. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Sikusema neno," alinijibu. "Asubuhi moja waliita jina langu, wakafungua lango. Hata mimi nimeuliza Mungu kwa nini, na hajanijibu." Kisha akanituma maji. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu: Baba anaheshimiwa tarafa nzima, na mama yake anasalimiwa na watu wakitazama upande mwingine.

Jumapili ikafika. Tulikuwa tumevaa viatu, na hilo peke yake lilitosha kuwa sikukuu. Cucu alitoka nyumbani kwake na kiondo kimejaa mpaka ukingoni: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, kibuyu cha uji uliochacha vizuri, na kuku mmoja hai aliyefungwa miguu. Baba alimwambia kwa upole kwamba hotelini ndiko kwenye chakula. Cucu akamuuliza, "Huyo mtu tunayekwenda kwake ana nyumba?" Baba akasema ndiyo. "Atatukaribisha tukae?" Ndiyo. "Atatupa chakula?" Ndiyo. "Basi mimi siendi kwa mtu mikono mitupu kama mwizi." Kuku akaingia garini, akawekwa miguuni pangu.

Tulipita Chaka, upepo wa Kieni ukipuliza vumbi, na mlima ukiwa wazi mpaka kileleni. Hoteli ilikuwa mbele kidogo ya Naro Moru, nyumba ya mawe iliyokuwa ya mlowezi, sasa mbele yake imejengwa upya. Baba alikuwa ameelekezwa na mkaguzi wa shule, aliyemwambia ni mahali pa ajabu. Mkaguzi hakuongopa. Tuliingia mlangoni, tukasimama kama watu waliomwagiwa maji.

Ukutani kulikuwa na saa tisa, na kila moja ilisema saa yake. Kulikuwa na kichwa cha nyati kilichovalishwa kofia ya askari. Bafu la chuma lilikuwa limejazwa udongo na kupandwa maua katikati ya chumba, na gari la kumsukumia mtoto mchanga lilikuwa limejaa chupa za soda. Meza yetu ilikuwa cherehani, kikanyagio chake bado kipo chini, na Kariuki alikikanyaga siku ile mpaka miguu ikamuuma. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilining'inia darini juu ya vichwa vya watu wanaokula, na Mama alikataa katakata kukaa chini yake. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa nimewahi kuona vitu vingi hivyo visivyofanya kazi yake.

Mwenye hoteli alikuja akiwa na aproni nyeupe na fimbo mkononi. Aliitwa Mzee Elija, mtu wa magharibi mwa nchi, mnene, mwenye sauti ya kuhubiri. Alituambia kabla hatujakaa kwamba alikuwa mpishi wa memsabu mmoja pale miaka kumi na mitano, na kwamba Uhuru ulipokuja memsabu aliondoka na masanduku matatu tu. "Akaniambia, Elija, hizi vitu zingine ni zako. Nikamwuliza, nifanyie nini saa tisa, Memsabu? Akapanda gari, akaenda. Basi nikafungua hoteli."

Cucu akamkabidhi kiondo kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Mimi nakuretea kitu kidogo," alimwambia. "Ya nyumba yako."

Baba aliangalia viatu vyake. Wageni wa meza nyingine walicheka. Lakini Mzee Elija alipokea kiondo, akamtazama kuku, akamtazama Cucu, na uso wake ukalegea. "Mama," alisema, "tangu nifungue hii mahali, watu wananiletea pesa peke yake. Hakuna mtu amewahi kunitembelea." Alimpeleka Cucu mwenyewe kwenye kiti kizuri, akamwekea mto.

Chakula kilikuja: nyama ya kuokwa, viazi, karoti, na mkate ndani ya bakuli kubwa jeupe lenye maua ya waridi na mkono mmoja pembeni. Baba akaomba dua ndefu. Aliposema amina Mama alikuwa amelitumbulia macho lile bakuli. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya usafi katika hospitali ya misheni, na alijua vyombo vya Wazungu vizuri kuliko Baba. Aliinama akatunong'oneza, "Msiguse mkate. Hiyo ni poti." Kariuki akauliza poti ya nini. Mama akamwambia ya chini ya kitanda, ya kukojolea usiku, na Kariuki, ambaye tayari alikuwa na kipande mdomoni, alibaki vile vile, mashavu yamejaa, hajui ameze au ateme mbele ya mwalimu mkuu. Tulicheka hiyo poti miaka mingi. Huwa nashangaa kwamba siku ile ile tuliyocheka hivyo ndipo yalipotokea hayo mengine.

Baada ya nyama Mzee Elija alikuja na fimbo yake kutuonyesha vitu. Wageni wote walipewa maelezo, alisema, lakini sisi kwa sababu ya Mama huyu tungepewa yote. Akatuonyesha tandiko la farasi aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, bunduki isiyokuwa na risasi, kofia ya bibi harusi ambaye bwana harusi hakutokea. Tulimfuata kwa mstari. Tulifika kwenye kona ya dirisha, penye gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba. Sisi watoto tulitazama pembe. Cucu alitazama chini yake.

Gramafoni ilikuwa imewekwa juu ya kiti. Wenye umri wangu mnakijua: kile kigoda cha mzee, cha mviringo, miguu minne, kilichochongwa kutoka gogo moja. Kiti cha mzee hakikuwa cha kukaliwa na kila mtu. Mke hakukikalia, mtoto hakukiruka, na mgeni alikipita. Mwenyewe akifa kinabaki kwa kijana wake wa kwanza, na huyo hukitunza kama anavyotunza jina. Guka yetu, baba yake Baba, alikuwa na kiti cha namna hiyo. Guka alifia kizuizini na hatukupata hata kaburi lake, na kiti, Baba alituambia mara nyingi, kiliungua pamoja na nyumba watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda kukaa kijijini.

"Toa hiyo kitu juu," Cucu alisema.

Mzee Elija alifikiri amependezwa. Aliinua gramafoni, akaiweka sakafuni. Cucu alipiga magoti, mtu mzima yule, akashika mguu mmoja wa kiti. Ulikuwa na alama nyeusi ya moto, na juu ya alama ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba, mizunguko mingi iliyobanana, kazi ya mkono wa Guka. Alipitisha kidole kwenye waya. Mimi nilimtazama Baba kwa sababu alikuwa karibu nami na nilisikia pumzi yake imekatika.

"Ah, hiyo," Mzee Elija alianza, akiegemea fimbo. "Hiyo iko na hadithi kubwa kuliko zote. Ni wakati ya hali ya hatari. Kijana mmoja anakuja mlango ya nyuma, jikoni kwangu, mwembamba hivi, amebeba hiyo kiti kwa gunia. Memsabu alikuwa anapenda sana vitu ya zamani ya Wakikuyu, kila mtu alijua. Na bwana yake alikuwa anakunywa pombe pamoja na mkubwa wa kambi ya wanawake. Memsabu akamwuliza kijana, unataka pesa ngapi? Akasema, mimi sitaki pesa. Mama yangu ako kambini, nataka atoke. Basi Memsabu akaandika barua hapo hapo kwa meza yangu, unga ikashika karatasi. Mimi nikampa huyo kijana chai. Hakukunywa. Alilia tu, alilia kama mtoto."

Alitutazama, akisubiri tushangae kama wageni wengine walivyoshangaa. Tulishangaa, lakini hakuna aliyeonyesha vile alivyozoea. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Cucu, akiwa bado magotini, aliuliza, "Ilikuwa mwezi gani?"

"Mwezi sikumbuki, Mama. Mvua ya njahi, ile ndefu, ilikuwa karibu. Memsabu alikuwa analia juu ya mbegu yake ya maua."

"Mimi nilifunguriwa mvua ya njahi ikianza," Cucu alisema, kama anayezungumza na kiti.

Baba akavua miwani. Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwake, "Maitu. Ni mimi."

Maitu ndivyo mtoto anavyomwita mama yake. Mzee Elija alikielewa Kikuyu cha kutosha. Alimwangalia Baba kutoka miguuni mpaka kichwani, koti, tai, tumbo, miwani mkononi. "Lakini wewe ulikuwa mwembamba," alisema. Hakuwa anatania, maskini. Alishtuka tu, na hilo ndilo lililomtoka.

Cucu alisimama. Alimfikia Baba kifuani. Alinyoosha mkono akampiga kofi, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, mbele ya wageni na uma zao, kofi lililosikika mpaka jikoni. Nawaambia ukweli, nilidhani dunia imeisha. Sikujua kwamba Baba anaweza kupigwa. Kariuki alianza kulia. Na mkono wa Cucu haukurudi. Ulibaki pale pale shavuni mwa Baba, ukamshika.

"Uliniambia kiliungua," alisema.

"Niliogopa utanilaani. Nilimpa mwanamke wa kizungu kiti cha baba yangu, na yeye hata hajazikwa. Ningekuambiaje?"

"Wangari anapita mlangoni kwangu akitazama ng'ambo," Cucu alisema. "Miaka yote hii. Anaamini nilimuuza mume wake. Na mimi usiku najiuliza kama labda kweli nilisema kitu nikiwa usingizini, wakasikia. Nilifika mahali pa kutojiamini mwenyewe. Na jibu ulikuwa nalo wewe, tunakula pamoja kila jioni."

Hata leo mimi sina la kumsemea Baba. Nimejaribu mara nyingi kumtetea moyoni, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini tu alipofanya lile, na lilikuwa jambo la kishujaa. Halafu nakumbuka mstari wa wanawake wakilima upande ule na Cucu peke yake upande huu, na Baba akipita katikati kila asubuhi na vitabu vyake kwapani, nasikia hasira upya. Mtu anaweza kukuokoa na bado akakuacha gizani. Sikuwa nimejua hilo kabla ya siku ile, na sikupenda kulijua.

Mzee Elija aliingia jikoni. Alirudi na kiondo cha Cucu, kitupu, amekikung'uta vizuri. Alikifuta kile kiti kwa aproni yake, juu na chini na katikati ya miguu, akakiingiza ndani ya kiondo. "Mama, kwetu pia kikapu ya mgeni hairudi bure," alisema. Cucu alimshika mkono wake kwa mikono yote miwili. Tukaondoka. Pudini ilibaki mezani, na naona haya kusema kwamba njiani niliiwaza.

Gari lilifika Chaka. Hapo Cucu, aliyekaa mbele na kiondo mapajani, alisema huku anatazama barabara, "Jumamosi utakwenda kwa Wangari. Utakibeba wewe, mchana, watu wakiona." Baba akasema ndiyo, Maitu, kama Kariuki anavyosema akitumwa kuni.

Jumamosi Baba alivaa koti lake la kanisani akakipakata kiti cha Guka kifuani. Gari lilibaki nyumbani. Kutoka kwetu mpaka kwa Wangari ni mwendo wa kuvuka kijito na kupanda, na ilikuwa siku ya soko, njia imejaa. Wazazi wa wanafunzi wake walimsalimu, wakaona alichobeba, wakageuka kumfuata kwa macho. Cucu na mimi tulikuwa nyuma yake hatua chache. Tulipofika langoni, Cucu alisimama akanishika mkono. Alikuwa ameapa kutoingia boma lile mpaka aitwe.

Wangari alikuwa anaanika mahindi uani pamoja na mke wa kijana wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa nywele, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. Baba hakukaa. Aliweka kiti ardhini, akasimama nyuma yake, akasema yote, tangu gunia mpaka barua. Alisema kama mtoto anayesoma insha, bila kuruka, na alipofika mahali pa kusema "nikaficha" alilisema mara mbili. Wangari alikuwa ameacha mkono wake ndani ya mahindi.

Baba alipomaliza, Wangari alikitazama kiti. Kisha akauliza, "Na mimi?"

Baba hakuelewa.

"Tulilala kwenye mbao moja, mimi na mama yako," Wangari alisema. "Blanketi moja. Kwa nini barua ilikuwa na jina lake tu? Nilikubeba mgongoni wewe, mama yako akienda sokoni. Kwa nini hukuniombea na mimi?"

Nilisikia mkono wa Cucu ukinibana mpaka vidole vikaniuma. Machozi ya Baba yalikuwa yanashuka chini ya miwani na hakuyafuta.

"Nilikuwa na kiti kimoja," alisema.

Kuku walikuwa wanaiba mahindi na hakuna aliyewafukuza. Wangari aliinama, akapangusa kiti kwa kiganja mara moja, akamwambia mke wa kijana wake alete uji, vibuyu viwili. Halafu, bila kuinua sauti, bila kutazama langoni, akasema, "Mwambieni huyo aliyesimama njiani aingie. Anazuia ng'ombe."

Cucu aliniacha mkono. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Jumatatu nilipokuwa nikienda shule walikuwa shambani kwa Cucu, wanawake saba, mstari mmoja. Miaka ya nyuma wangekuwa kumi na mmoja, lakini wanne walikuwa wamekufa wakiamini walichoamini, na hilo Baba hakuweza kulibebea kiti chochote akalifute. Cucu aliishi miaka tisa mingine. Hakumwambia Baba kwamba amemsamehe na hakumwambia kwamba hajamsamehe. Alimpakulia chakula kwanza, kabla ya sisi, mpaka alipokufa.

Desemba iliyopita mjukuu wangu alinipeleka kula mahali karibu na Naro Moru. Siyo pale kwa Mzee Elija, pale palibomolewa zamani. Hapa ni papya, na vitu vya kale wamevitafuta makusudi: vibuyu, pasi za makaa, mizinga, vyungu, taa za mafuta ya taa, na vigoda saba vimepigwa vanishi kuning'inizwa ukutani. Sisi tulikuwa na viti vichache nyumbani na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Leo nyumba ina viti ishirini na kila mtu amekaa pake na simu yake. Chakula kilipoletwa nilifumba macho kuomba, nilipofumbua nikakuta sahani yangu inapigwa picha. Watoto hawa hubariki chakula kwa kamera. Si wabaya, na huyu wangu ana moyo mzuri kuliko nilivyokuwa mimi nilipowaza pudini.

Akaelekeza simu ukutani. "Cucu," akaniambia, maana sasa Cucu ni mimi, "ziko poa sana. Walizitoa wapi zote?"

Nilianza kusema sijui. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, jepesi kabisa, na nikasikia jinsi lilivyo jepesi. Ndivyo Baba alivyokuwa akisema: kiliungua. Nikamwambia azime simu, asogeze kiti karibu, kwa sababu mimi siku hizi sauti yangu haifiki mbali. Tulipokumbuka kula, chakula kilikuwa baridi, na yeye alikuwa bado ananiuliza majina ya wale wanawake wanne.